Inchi Mbili za Shemeji

Mama Cheche aliitwa mwizi siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mbele ya wazazi kama arobaini hivi, na aliyemwita si mtu baki. Ni shemeji yake. Kaka wa mume wake kabisa, tumbo moja, mtu ambaye akija kwake anafunua sufuria bila kuomba ruhusa.

Na usidhani Mama Cheche ni mtu wa kuchezewa. Ni fundi wa kuchomelea chuma, mwaka wa kumi na tisa huu, mikono yote ina vialama vya cheche, ndiyo maana ya jina lenyewe. Anaongea taratibu. Akikasirika anaongea taratibu zaidi, na hapo wanaomjua huanza kutafuta viatu vyao.

Kazi ilikuwa kuweka ukingo wa chuma, wa kuzuia watoto wasianguke, ghorofani pale shuleni. Shule imeongezewa ghorofa, madarasa manne kwa mstari, na mbele ya madarasa kuna korido ndefu isiyo na ukuta upande wa uwanjani. Ukitoka darasani hatua tatu, uko hewani. Chini ni sakafu ya saruji. Na kila mtu aliyepita shule anajua kengele ya mapumziko ikilia inakuwaje: watoto wote wanatoka kwa mkupuo, wanakimbilia ukingoni, wanaegemea, wanasukumana, wanawatemea mate walio chini. Kitinda mimba wa Mama Cheche mwenyewe amepangiwa darasa la mwisho huko juu, na katika mchezo huo wa mate yeye ndiye bingwa.

Kwa hiyo mama hakufanya masihara. Mchoro ulisema nguzo za ukingo ziwe bomba la chuma la inchi mbili, zito. Alikwenda mwenyewe kwenye yadi ya vyuma, hakutuma mtu. Maana bomba si bomba tu. Kuna jepesi, linapakwa mstari wa kahawia. Kuna la kati, mstari wa buluu. Kuna zito, mstari mwekundu. Ukiyasimamisha yote matatu ukayaangalia kwa nje, ni mapacha, hutayatofautisha. Tofauti yote iko kwenye unene wa ukuta wake, kule ndani ambako jicho halifiki. Muuzaji akamtolea lenye mstari mwekundu. Mama Cheche akalinyanyua ncha moja, akaliachia ligonge sakafu, akasikiliza.

"Rangi nyekundu hata mimi ninayo nyumbani," akasema. "Leta mizani."

Mizani ikaletwa. Bomba la mita sita, kilo thelathini na saba. Hapo ndipo akakubali. Akachagua lisilo na mshono, kwa sababu lile lililokunjwa kutoka kwenye bati likaungwa ubavuni, likiungwa ovyo, siku ya taabu linafunguka palepale kama suruali ya kubana. Akachukua jeusi, hakuchukua la zinki, maana zinki ukiichomelea inatoa moshi mweupe unaokulaza kitandani na homa. Rangi ya kuzuia kutu angepaka mwenyewe. Akafanya kazi siku tisa. Nguzo kumi na nane zikasimama wima kama askari wa gwaride.

Siku ya kumi akaja Mzee Futi.

Mzee Futi ndiye huyo shemeji, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule. Jina alilipata kwa sababu ya ile futi ya kukunjua inayoning'inia kwenye mkanda wake tangu alipokuwa karani wa ghala. Anapima kila kitu. Aliwahi kupima jeneza mbele ya wafiwa akasema limezidi. Siku ile ya kikao cha wazazi akapanda ngazi, kundi zima nyuma yake, akaitoa futi, akaiweka kwenye nguzo ya kwanza kwa nje, akasogeza miwani.

"Mbili," akasema. Akainama karibu. "Mbili na robo. Na kitu."

Akapima ya pili. Mbili na robo na kitu. Ya tatu, vilevile.

"Wazazi wenzangu," akasema, "karatasi inasema inchi mbili. Chuma kinasema mbili na robo na kitu. Sisemi mimi. Futi ndiyo inasema."

"Shemeji, hiyo inchi mbili haipimwi hapo," Mama Cheche akasema.

"Inapimwa wapi, nyumbani?"

Watu wakacheka.

"Inapimwa kwenye tundu. Bomba linaitwa kwa nafasi yake ya ndani, toka zamani, kwa sababu lilikuwa la kupitisha maji. Nje lazima izidi. Ule ukuta nao unahitaji mahali pa kukaa."

"Kwa hiyo chuma cha inchi mbili na robo na kitu kinaitwa cha inchi mbili."

"Ndiyo, Shemeji."

"Na mimi mwenye miaka hamsini na sita niitwe wa arobaini, kwa sababu ya ndani."

Hapo ndipo watu walikufa kabisa kwa kicheko. Mama mmoja alimshika mwenzake begani asianguke. Na ukweli usemwe, mzee anajua kuchekesha, ndiyo maana anachaguliwa kila mwaka. Lakini kicheko kilipoisha uso wake haukuwa wa mzaha tena.

"Haya ni mabaki ya kazi nyingine," akasema. "Amebakiwa na vyuma vyake huko, akaona atutupie sisi, watoto wetu ndio jalala. Mtu wa namna hiyo anaitwa mwizi. Awe shemeji yangu, awe nani."

"Umesema mwizi," Mama Cheche akasema, taratibu sana.

"Nimesema."

Akawatazama wale wazazi arobaini. Karibu nusu yao amewatengenezea mageti, na mageti hayo yanafungwa mpaka leo. Mmoja alianza kuangalia simu ambayo haikuwa imelia. Mama Cheche akakusanya vifaa vyake, nyaya, miwani ya kuchomelea, glovu, kimoja kimoja, akashuka ngazi.

Ijumaa barua ikafika. Nguzo zote zikatwe, ziondolewe, ziwekwe za inchi mbili kamili kabla ya shule kufunguliwa Jumatatu. Akaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu na bomba la futi moja ndani ya mfuko wa sokoni. Mwalimu Mkuu ni mama mtu mzima, mwenye kupenda haki, siyo mtu mbaya hata kidogo, na hilo ndilo lililomuudhi Mama Cheche zaidi. Mtu mbaya angalau unajua umsimamie wapi.

"Mama, mimi nafundisha historia," Mwalimu Mkuu akasema. "Ya chuma siyajui. Hebu niambie kitu kimoja. Mwenyekiti alipopima, alikosea kusoma?"

"Hakukosea kusoma. Amepima mahali ambapo hapapimwi."

"Sasa hilo nitawaelezaje wazazi? Kwamba kipimo ni sahihi ila jibu si sahihi?"

"Waambie waniulize mimi. Ndiyo kazi yangu."

"Walikuuliza, wakacheka."

"Hawakuniuliza, Mwalimu. Walicheka tu."

Mwalimu Mkuu akapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Mama Cheche akauliza nani amepewa kazi. Akaambiwa Fundi Vitanda.

Sasa hapo hasira ikageuka hofu. Fundi Vitanda ni fundi mzuri, wala hana hila. Anatengeneza vitanda, viti, meza za kukunja. Na mafundi wa vitanda kweli wanapima bomba kwa nje, kwao inchi mbili ni inchi mbili, ndiyo desturi ya kazi yao na hakuna ubaya. Ila bomba lao ni la geji kumi na nane. Ukuta wake ni milimita moja na kidogo. La Mama Cheche ni nne na nusu. Ukipiga hesabu ya nguvu, lake linabeba zaidi ya mara nne. Kwa kitanda, hilo jembamba linatosha na kubaki, mtu akianguka kitandani anaanguka kwenye godoro. Sasa weka watoto sitini pale juu, kengele imelia, wa nyuma wanawasukuma wa mbele.

Alimweleza Mwalimu Mkuu yote hayo, na namba zake, lile bomba la mfukoni likiwa mezani. Mwalimu Mkuu akasikiliza vizuri kabisa, kisha akasema kamati imeshaamua.

Jumamosi asubuhi Mama Cheche alikuwa wa kwanza kufika. Akaketi ngazi ya juu kabisa, mikono magotini. Hakuwa na mpango. Alichojua ni kwamba nyumbani hatakaa. Saa mbili akatokea Fundi Vitanda, begani amebeba kipande kizima cha ukingo alichokiunga kwake, nguzo mbili na reli ya juu, kimepakwa rangi ya fedha kinameremeta. Anapanda ngazi huku anapiga mluzi. Alipomwona, mluzi ukakatika.

"Dada," akasema. "Mimi nimeitwa tu. Usinichukie."

"Sijakuchukia. Kipande chote hicho umebeba peke yako?"

"Bega moja."

"Hebu sikia hayo uliyosema."

Fundi Vitanda akakitazama kile kipande, akamtazama yeye, hakuelewa. "Nimeambiwa inchi mbili, nimeleta inchi mbili. Pima mwenyewe, Dada, sijapunja mtu."

"Najua hujapunja, mdogo wangu. Wewe ndiye usiye na kosa hapa, na ndiye utakayeletewa maiti."

Akataka kujibu, lakini Mzee Futi alikuwa ameshafika na mlinzi wa shule nyuma yake amebeba ndoo ya bolti. Mzee akamsalimia shemeji yake kama vile Alhamisi haikuwepo kwenye kalenda. Akauliza watoto hawajambo. Akajibiwa hawajambo. Akasema basi kazi ianze, na ianze na kile kipande cha mwisho kando ya ngazi, ambacho kimesimama peke yake hakijaungana na vingine.

Fundi Vitanda akawasha grenda. Kwa bomba lake la kila siku, diski inapita kama kisu kwenye sabuni, unahesabu moja mbili tatu limekatika. Hapa akahesabu mpaka akaacha. Cheche zikaruka mpaka uwanjani. Diski ikapungua, ikapungua, ikabaki kama kisoda. Akafunga nyingine. Jasho likaanza kumtoka puani.

"Dada, humu umeweka nini?"

"Ukuta."

Nguzo ya kwanza ikakatika, ikaja ya pili, wakalaza kile kipande kwenye korido kwa kusaidiana watu watatu. Mlinzi, aliyedhani atakivuta pembeni kwa mkono mmoja, alikivuta mara moja akabadilisha mawazo. Fundi Vitanda akachuchumaa mbele ya nguzo iliyokatwa. Akapitisha kidole gumba kwenye ule mzunguko wa chuma kilichokuwa bado cha moto, akakitoa haraka, akakirudisha. Halafu akanyoosha mkono kwenye boksi lake, akatoa kipande cha bomba lake mwenyewe, futi moja hivi, akakilenga kwenye tundu la bomba la Mama Cheche.

Kikaingia. Chote. Kiliteleza ndani mpaka mkono wake ukagonga ukingo, na kilipita kwa kujibana kidogo tu, kama mguu kwenye soksi.

Mlinzi akainama kuchungulia, kama anayetazama kisimani.

"Mwenyekiti," Fundi Vitanda akasema, "nipe futi yako."

Akakitoa kile kipande, akaweka futi kwenye tundu, ukingo wa ndani mpaka ukingo wa ndani. Akamwita Mzee Futi aje asome mwenyewe. Mzee akasogeza miwani.

"Mbili," akasema.

"Mbili kamili."

"Mbili kamili," mzee akakubali, kisha akanyooka. "Sasa si ndivyo nilivyosema siku zote? Karatasi imesema mbili. Ila yeye ameificha ndani."

Mama Cheche alisimama. Inasemekana mtu anaweza kukasirika mpaka akacheka, lakini yeye hakucheka. Amefundishwa kazi hii na mtu aliyekuwa akimchapa vidole na kipande cha waya kila akikosea kusoma unene, amebeba mabomba akiwa na mimba ya miezi saba, na leo anaambiwa ameficha inchi mbili. Kama pipi.

"Shemeji," akasema, "bomba la huyu bwana limeingia lote ndani ya tundu la bomba langu. Maana yake chuma changu chote kiko nje ya chuma chake. Huoni?"

"Naona. Chako kinene. Nani amekataa? Lakini hata hiki ni chuma. Chuma ni chuma, Shemeji, siyo makuti. Fundi, simamisha chako hapo, funga bolti, mimi mwenyewe nitaegemea watu waone."

Fundi Vitanda akasita, lakini mwenyekiti ni mwenyekiti. Akakisimamisha kile kipande cha fedha kando ya visiki vya nguzo zilizokatwa, akafunga sahani za miguu yake sakafuni, bolti nne kila mguu. Mzee Futi akavuta suruali juu, akageuza mgongo, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea ukingoni, na nyuma ya ukingo ule ni hewa, kisha saruji.

Mama Cheche akamdaka mkanda.

"Hapana," akasema. "Hutaegemea."

"Niache."

"Sikuachi. Nitamwambia nini mdogo wako akirudi safari? Kaka yako alikuwa anapima bomba kwa mgongo?" Bado alikuwa ameshika mkanda. "Unataka kujaribu, tujaribu kwa akili. Tufunge kamba juu, tuvute kwa huku ndani. Likishindwa, tunaangukia koridoni. Chuma hakijui kama kinavutwa au kinasukumwa."

Mlinzi akaleta kamba ya kufungia mizigo. Kelele za grenda zilikuwa zimeshamtoa Mwalimu Mkuu ofisini, naye akapanda akiwa bado ameshika kalamu nyekundu. Alipoelezwa, akaweka kalamu kwenye nywele, akashika kamba pamoja na wengine. Wanne: Mzee Futi mbele kwa sababu hakukubali kukaa nyuma, Fundi Vitanda, mlinzi, Mwalimu Mkuu. Mama Cheche hakushika. Alisimama pembeni, mikono nyuma, asije akaambiwa amevuta kwa hila.

"Hivi watu wazima wanne," akasema, "ni watoto wangapi? Kumi? Na pale huwa wanajipanga kumi?"

Wakavuta.

Mara ya kwanza kipande kikatikisika. Mara ya pili kikatoa mlio mdogo, kama mtu anayekohoa usingizini. Mara ya tatu miguu yake yote miwili ikakunjika kidogo juu ya sakafu, ikapiga magoti, na kile kitu chote kinachometameta kikawalalia, Mzee Futi akakaa chini kishindo, mlinzi akamkalia mapajani, Mwalimu Mkuu akaokolewa na mlango wa darasa.

Fundi Vitanda ndiye aliyeinuka kwanza. Akaenda kuangalia miguu. "Kiungo cha bomba na sahani hakijaachia," akasema, kwa fahari ya huzuni. "Dada, tazama. Kiungo kizima kabisa. Bomba ndilo limekunjika."

"Umeunga vizuri, mdogo wangu. Sijawahi kuwa na neno na mkono wako."

Wakahamishia kamba kwenye nguzo za Mama Cheche, kipande cha jirani chenye nguzo mbili vilevile, nacho hakijaungana na vingine. Wakavuta. Wakapumzika, wakavuta. Mlinzi akavua viatu, akatia nyayo kwenye kizingiti cha darasa, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Viganja vikawa vyekundu. Ile nguzo haikuwafanyia hata adabu ya kutikisika. Mwalimu Mkuu ndiye aliyeachia kamba kwanza. Akaangalia mikono yake, akaangalia chini uwanjani, mbali kule kwenye saruji, akaangalia tena mikono yake.

"Jumatatu," akasema, "mimi ndiye ninayepiga kengele."

Mzee Futi alikuwa anajipangusa vumbi. "Kuvuta na kuegemea," akaanza, "ni mambo mawili tofauti—"

"Mwenyekiti," Mwalimu Mkuu akasema, "naomba unyamaze kidogo."

Na hapo, ndiyo kwanza, Mama Cheche akatoka pale pembeni, akaenda kusimama mbele ya shemeji yake.

"Mimi kuniita mwizi nitameza," akasema. "Nitameza kwa shida, lakini nitameza, nimeshameza vingi. Ila leo asubuhi nilikaribia kubaki nyumbani. Nilisema waache, walinicheka, waweke wanachotaka. Nilishavaa kandambili nikavua. Shemeji, ningebaki nyumbani kwa hasira zangu, sasa hivi nguzo kumi na nane zingekuwa zinakatwa, na wewe ungekuwa unapima, na kila moja ungeandika sahihi. Mbili. Mbili. Mbili. Mwanangu angeegemea sahihi yako."

Mzee Futi akatazama pembeni. "Kulikuwa na kutoelewana," akasema.

"Hakukuwa na kutoelewana. Hukuuliza."

Jumapili alirudi na mashine. Fundi Vitanda naye alikuja, hakuitwa, hakudai kitu. Wakakisimamisha tena kile kipande kilichokatwa. Ndani ya kila nguzo, pale penye mkato, wakachomeka kipande cha lile bomba jembamba kiwe kishikizo cha ndani, ncha mbili zikae sawa wakati wa kuunga. Mama Cheche akasaga kingo mpaka zikawa na mteremko, chuma cha moto kipate pa kuzama, akazungushia kiungo mara tatu, kila mzunguko akipiga magamba na nyundo na kusugua na brashi ya waya. Fundi Vitanda anashika, anatazama pembeni macho yasiungue.

"Dada, kumbe na mimi bomba langu lina kazi hapa," akasema.

"Lina kazi. Ndani, kimya kimya. Ungekuwa wewe ndiye mwenyekiti tungeishi vizuri."

Rangi ilipokuwa inakauka, Mzee Futi akapanda ngazi na daftari. Alikuwa amevaa shati la kikao. Akasema anataka kumsomea shemeji yake taarifa kabla haijawafikia wazazi kesho, wasije wakagombana tena. Akasoma: kamati, baada ya ukaguzi wa kina uliofanywa na mwenyekiti, imeridhika kwamba mabomba ya awali yana ubora unaotakiwa, na imeelekeza yabaki.

Fundi Vitanda alijifanya anafunga nyaya.

"Uliofanywa na mwenyekiti," Mama Cheche akasema.

"Si nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ulikaliwa na mlinzi."

"Shemeji, haya mambo tuyamalize kifamilia. Nitakuja nyumbani, tutakula, nitaongea."

"Ulipika nje, mbele ya watu, Shemeji, usiniletee chakula ndani. Mwalimu Mkuu atasoma taarifa yake mwenyewe, alishaniambia, naye alikuwa na kamba mkononi. Wewe nina kazi nyingine na wewe." Akachovya brashi ndogo kwenye rangi nyeupe, akampa. "Kila nguzo, huku chini, upande wa ndani. Mwaka ujao mtaweka mwenyekiti mwingine, naye atakuja na futi yake. Andika."

Mzee akaishika brashi kama anayeshika samaki hai. "Niandike nini?"

"Bomba zito. Tundu inchi mbili. Ukuta milimita nne na nusu. Usikate bila kumuuliza fundi."

"Zote kumi na nane?"

"Zote."

Akatazama ngazi. Akamtazama Fundi Vitanda, ambaye sasa alikuwa anazifunga tena nyaya alizokwisha kuzifunga. Kisha akavuta suruali juu, akapiga magoti kwa mlio wa magoti ya miaka hamsini na sita, akaanza kuandika. Aliandika polepole, ulimi nje pembeni. Mama Cheche akasimama juu yake mpaka alipofika mwisho wa nguzo ya kwanza, akainama kusoma.

"Hiyo nne yako inafanana na tisa," akasema. "Futa, rudia."